Chema Nacho Hujitembeza

Katika nyumba niliyolelewa, mtoto hakujisemea mbele ya watu wazima. Kama alikuwa na jambo jema, wengine ndio waliolitaja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: bibi yangu aliitoa methali hiyo kila mara mjukuu alipoanza kusimulia uhodari wake wakati wa chakula. Nami nimemlea binti yangu hivyo hivyo, ingawa nimemlea Brooklyn Park, kaskazini kidogo mwa Minneapolis, mbali sana na Machakos nilikozaliwa. Kwa hiyo jioni nilipomkuta, akiwa na miaka 15, akimwandikia barua pepe kocha wa chuo ambaye hajawahi kumwona, barua inayotaja jina lake, kimo chake, wastani wa alama zake za darasani na urefu mkono wake unaofikia akiruka, moyo wangu ulisita. Sikumkataza. Nilivuta kiti nikasoma.

Anayeujua mpira wa wavu wa Kenya atakuelewa kusita huko. Kwetu mchezaji huonekana. Anacheza shuleni, shule inapanda ngazi za mashindano mpaka ya taifa, na huko watu wa klabu kama Kenya Pipeline, Kenya Prisons na KCB hujua nani anapiga na nani anapokea. Shule kama Kwanthanze, pale Machakos, imejijengea jina kwa njia hiyo. Mwalimu wa michezo ndiye anayekusemea. Kazi yako ni kucheza, na kuitika unapoitwa. Wasichana waliovaa jezi ya Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, katika Olimpiki, kuanzia Sydney 2000 mpaka Paris 2024, hawakuhitaji kumwandikia mtu barua ya kujitambulisha wakiwa watoto.

Marekani njia ni nyingine, na sababu yake ni ya kalenda. Voliboli ya wasichana wa sekondari huchezwa msimu wa vuli, na timu za wanawake za vyuo nazo hucheza msimu huo huo. Kocha wa chuo mwenye mechi zake hana nafasi ya kuzunguka shule. Kwa sababu hiyo usajili umehamia kwenye klabu za vijana, ambazo msimu wake huanza majira ya baridi na kwenda mpaka kiangazi, nje kabisa ya shule. Klabu hizi ni za kulipia. Ni maelfu ya dola kwa mwaka kabla hujahesabu nauli na chakula, na mashindano mengi yanaitaka timu ilale katika hoteli walizopanga waandaaji wenyewe. Mimi ni muuguzi. Nimebadilishana zamu na wenzangu kazini kiasi kwamba kuna Krismasi kadhaa ambazo sikuzipata nyumbani, na nilifanya hivyo kwa hiari, kwa kuwa nilimwona mtoto akiupenda mchezo kwa namna ambayo haifundishwi.

Ingia katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa Minneapolis wikendi ya mashindano. Viwanja makumi vimetandazwa sakafuni, filimbi zinaingiliana, mipira inavuka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine na mtu anapaza sauti mchezo usimame. Nyuma ya mistari ya mwisho wameketi makocha wa vyuo, fulana zao zina nembo, kompyuta ziko mapajani. Hawamsemeshi mchezaji katikati ya mashindano. Kanuni za NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, zinawazuia. Wanatazama dakika chache, wanaandika kitu, wanainuka, wanahamia uwanja mwingine. Mzazi mgeni hudhani wanatafuta kipaji popote kilipo. Sivyo. Kocha amekuja na orodha ya majina, namba za jezi na namba za viwanja, na orodha hiyo ameitengeneza kabla hajatoka ofisini kwake. Barua ya msichana ndiyo inayomwingiza humo.

Fikiria wingi wao. Wasichana zaidi ya 450,000 hucheza voliboli katika sekondari za Marekani. Umekuwa mchezo wa timu wenye wasichana wengi kuliko yote, ukaupita hata mpira wa kikapu. NCAA ina timu za wanawake zaidi ya 1,000 katika divisheni zake tatu, na bado katika kila wasichana mia moja wa sekondari, wanaofika huko ni wanne hivi. Hakuna mwalimu wa michezo anayeweza kuwasemea watoto wote hao. Nilipoliona hilo niliirudia barua ya binti yangu kwa jicho jingine, nikatambua kwamba hapakuwa na sifa hata moja ndani yake. Hakuandika kwamba yeye ni hodari. Aliandika mambo yanayoweza kupimwa: sentimita, alama, nafasi anayocheza, mwaka atakaomaliza shule, video ya mechi. Alimwachia msomaji kazi ya kuhukumu. Bibi yangu, nadhani, angelikubali hilo.

Nafasi yake ni libero. Ndiye anayevaa jezi ya rangi tofauti, anayecheza nyuma tu, asiyeruhusiwa kuzuia wavuni wala kupiga mpira ulio juu ya wavu. Kazi yake ni kuhakikisha mpira wa adui haugusi sakafu. Ni nafasi iliyowekwa rasmi katika mchezo wa kimataifa mwaka 1998, na mimi niliyecheza shuleni kabla ya hapo sikuijua. Enzi zetu msichana mfupi alisubiri pembeni. Binti yangu ni mfupi kama mimi. Tarehe 30 Agosti 2023, timu ya Nebraska ilipocheza nje, katika uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mbele ya watu 92,003, tulikaa mbele ya televisheni na yeye hakumtazama mpigaji yeyote. Alimtazama Lexi Rodriguez, libero wa Nebraska, namna anavyosogeza miguu kabla mpira haujavuka. Nilifurahi kuona nafasi ya wafupi ikipigiwa makofi na umati kama ule. Lakini nilikuwa nikijua zamani kwamba makocha wengi huanza usajili kwa warefu: wapigaji, wazuiaji wa kati, kisha maseta. Libero huja baadaye.

Kulijua hilo kulikuwa kumetuandaa kidogo kwa tarehe 15 Juni ya mwaka uliotangulia mechi ile.

Kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2019, kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kuanza mazungumzo ya usajili na mchezaji wa voliboli kabla ya tarehe 15 Juni baada ya darasa la kumi. Kabla ya kanuni hiyo, wasichana wa darasa la nane na la tisa walikuwa wakitoa ahadi za mdomo kwa vyuo, ahadi zisizomfunga mtoto wala chuo, na sioni namna mtu mzima anavyoweza kulitetea jambo hilo. Kanuni ni njema. Lakini imeifanya siku moja kuwa mlango. Saa sita za usiku zikigonga, simu za wasichana wachache zinaanza kulia, na wenzao wote wanajua. Juni 2022 wasichana wawili wa klabu yetu walipata ujumbe mwingi usiku ule, na mama zao wakatuandikia kwa furaha, kwa haki yao. Simu ya binti yangu ililala kimya mpaka asubuhi, na asubuhi ikaendelea kuwa kimya.

Nataka kukaa kidogo hapo, kwa sababu naamini ndipo watoto wengi wanapoumia bila mtu kuwaambia wanachoumia nacho. Kukataliwa kuna maneno. Unayasikia, unalia, unalala. Kimya hakina maneno, na mtoto wa miaka 16 hukijaza kwa maneno yake mwenyewe. Atasema mimi ni mfupi mno. Atasema video yangu mbaya. Atasema kocha aliniona nikikosea mpira ule wa seti ya pili. Binti yangu aliyasema yote hayo asubuhi ile jikoni, akiwa amesimama, hajagusa chai. Nilimjibu lile nililolijua tu: kwamba kocha yule ana sababu mia za kutoandika, na karibu zote hazimhusu yeye. Huenda ana libero wa mwaka wa pili. Huenda mwaka huu anahitaji seta. Huenda barua haijafunguliwa.

Kuna kimya cha aina nyingine ambacho ni hatari zaidi, kwa kuwa kinakuja na maneno mazuri. Vyuo huendesha kambi za voliboli, na barua za mwaliko hutumwa kwa wasichana wengi mno. Barua inamtaja mtoto kwa jina. Inasema wamefurahi kumfahamu, wangependa kumwona chuoni kwao, na chini yake kuna ada. Kambi ni halali, na nyingine zina mafunzo mazuri kweli. Lakini mwaliko wa kambi si mwaliko wa timu, na familia nyingi hutumia majira yote ya kiangazi zikisafiri kutoka kambi hadi kambi zikiamini kuwa zinatafutwa. Kama mtu aliyeandika barua hajawahi kutaja mechi fulani, au nafasi ya mtoto, au mwaka wake wa kumaliza shule, basi hajamwona. Niliwaambia hivyo wazazi wawili watatu kanisani kwetu, na mmoja alinikasirikia.

Dawa ya vimya vyote viwili ni moja, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote katika nyumba ya Kikamba: kuuliza wazi. Kwetu mambo mazito huenda kwa mshenga. Hakuna kijana anayekwenda mwenyewe kwa wazee kuuliza kama anatakiwa. Anatumwa mtu mwenye ulimi laini, anazunguka, anasifia mifugo, na jibu linapatikana bila yeyote kuaibika. Katika usajili wa vyuo mshenga hayupo. Klabu ina mtu wa kushauri, kweli, na anaweza kumpigia kocha anayemfahamu. Lakini makocha husema bila kuficha kwamba wanataka kumsikia mchezaji mwenyewe, na kwamba mzazi anayeandika barua kwa jina la mtoto hujulikana mara moja. Mtoto niliyemfundisha kutomkazia macho mtu mzima alitakiwa ampigie simu mtu mzima, amuulize: mimi niko wapi kwenye orodha yenu?

Alifanya mazoezi ya swali hilo na mimi, jioni, mimi nikiwa kocha. Mara ya kwanza alilizungusha sana hata nikasahau tulikuwa tunauliza nini. Nikamwambia, "Mama, muulize kama unavyomuuliza daktari. Humkosei heshima daktari ukitaka kujua una ugonjwa gani."

Siku ya simu yenyewe aliacha mlango wa chumba wazi. Kilikuwa chuo cha Divisheni ya Kwanza kilichokuwa kimeanza kumwandikia vuli ile, barua zenye uchangamfu mwingi: tunakufuatilia, endelea hivyo, tutakuona majira ya kuchipua. Alimsalimu kocha, akamshukuru kwa muda wake, kisha akasema, kwa sauti niliyoijua kuwa imeshikiliwa kwa nguvu, "Kocha, naomba nikuulize wazi. Mnatafuta libero wa mwaka wangu? Na kama mnatafuta, mimi ni wa ngapi?" Pakawa na kimya kirefu. Kocha yule, namheshimu mpaka leo, alimjibu ukweli. Walikuwa na libero wawili wachanga, na wa tatu alikuwa anahamia kutoka chuo kingine. Kwa mwaka wake hapakuwa na nafasi isipokuwa mmoja wao aondoke. Binti yangu akamwuliza kama kuna jambo lolote analoona aliboreshe, akasikiliza, akaandika, akaaga. Kisha akatoka chumbani akauliza kama kuna chapati zilizobaki.

Sababu ya msongamano ule wala haikuwa siri. Wachezaji waliocheza msimu wa 2020–21, wakati wa UVIKO-19, waliongezewa na NCAA mwaka mmoja wa kucheza, na wengi waliutumia. Kanuni za kuhama chuo nazo zilikuwa zimelegezwa, hivyo kocha mwenye pengo aliweza kumchukua mwanamke wa miaka 21 mwenye misimu mitatu mgongoni badala ya msichana wa sekondari. Wasichana waliomfuata binti yangu wamekuta jambo jingine tena: tangu mahakama ilipoidhinisha, Juni 2025, makubaliano makubwa kati ya NCAA na wanamichezo walioishtaki, vyuo vilivyojiunga nayo vimewekewa kikomo cha wachezaji 18 katika timu ya voliboli, badala ya kile kikomo cha zamani cha ufadhili kamili 12 kwa timu ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza. Kila kanuni ina sababu yake. Mtoto aliye mezani akiandika barua hana uwezo juu ya hata moja, na nilitaka ajue hivyo, ili asizigeuze kuwa hukumu juu ya miguu yake.

Baada ya simu ile barua zake zilibadilika. Alianza kuuliza mapema. Vyuo vilivyomjibu hapana vilipigwa mstari na hakuvirudia. Vilivyomjibu kwa kuzunguka aliviuliza tena kwa upole, mara moja tu. Orodha ilipungua haraka, na kadiri ilivyopungua ndivyo alivyolala vizuri zaidi. Mimi nilijifunza kukaa kimya garini. Baada ya mechi mzazi ana mengi ya kusema, na mtoto aliyetazamwa siku nzima na watu wenye kompyuta mapajani hahitaji mtazamaji mwingine kwenye kiti cha mbele.

Chuo kilichomwambia ndiyo ni cha Divisheni ya Tatu. Nilipowaambia marafiki, swali la kwanza lilikuwa la fedha, na ni swali la haki. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo, hata senti moja. "Sasa mlihangaikia nini miaka yote hiyo?" aliniuliza dada mmoja tunayesali naye, na nadhani alitarajia nione haya. Nilimweleza kwamba ufadhili kamili wa voliboli ni wa wachache kuliko watu wanavyodhani, na kwamba hata Divisheni ya Pili hugawanya fungu lake vipande vipande kati ya wachezaji. Vyuo vya Divisheni ya Tatu hutoa misaada kwa alama za darasani na kwa uwezo wa familia. Kiangazi kabla ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari, kocha alipeleka matokeo yake ofisi ya udahili yasomwe mapema, na jibu likarudi na makadirio ambayo mshahara wa muuguzi unaweza kuyabeba. Voliboli ilimfungulia mazungumzo. Kilichokata gharama ni hisabati na kemia, na zile jioni alizokuwa akifanya kazi za shule sakafuni kwenye ukumbi wa mashindano, mgongo ukutani, kati ya mechi na mechi.

Kabla hajakubali alikwenda kulala usiku mmoja bwenini na wachezaji wa timu. Niliogopa angerudi akinisimulia chakula na jezi. Alirudi akinisimulia wasichana ambao hawakucheza msimu uliopita. Aliwatafuta makusudi, akawauliza wanavyotendewa: kama kocha huyajua majina ya kozi zao, kama huwapa sababu, kama wangechagua tena chuo kile. Hakuna aliyemfundisha swali hilo, si mimi wala klabu. Nililisikia nikiwa nakunja nguo, nikaziweka chini.

Sasa yuko mwaka wa pili. Huingia katika baadhi ya mechi, nyingine hutazama akiwa pembeni, na akinipigia simu Jumapili hunieleza yote mawili kwa sauti moja.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu aliniandikia kutoka Machakos. Yuko kidato cha tatu, ni seta, na kuna mtu aliyemwambia baba yake kwamba kwa ada fulani anaweza kumpatia chuo Marekani. "Shangazi, huyu mtu ni wa kweli?" Nilimpigia kaka usiku uleule nikamwambia asitoe shilingi. Anwani ya kocha wa chuo iko wazi kwenye tovuti ya chuo, na barua ya msichana mwenyewe, katika Kiingereza chake mwenyewe, inasomwa bila kumlipa mtu. Kwa Divisheni ya Kwanza na ya Pili atahitaji kujiandikisha kwenye kituo cha NCAA kinachokagua masomo, na huko matokeo yake ya sekondari yatapimwa, kwa hiyo asiache hisabati wala sayansi kwa sababu ya mazoezi. Wanataka masomo 16 ya msingi, na kwa Divisheni ya Kwanza wastani usiopungua 2.3, lakini vyuo vyenye misaada mikubwa hutaka alama za juu zaidi ya hapo, na kwa mtoto anayetoka mbali misaada ndiyo safari yenyewe.

Binti yangu naye amemtumia ujumbe wa sauti mrefu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, kuhusu video. Aiweke simu juu, nyuma ya mstari wa mwisho, uwanja wote uonekane, asiisogeze kufuata mpira. Mipira mizuri dakika tatu au nne, ya kwanza iwe bora kuliko yote, na namba ya jezi ionekane. Pamoja na hiyo atume seti moja nzima bila kukata kitu, kwa kuwa kocha anayemtafuta seta atataka kuona anafanya nini baada ya kupanga mpira mbaya. Shule yao ina mechi Jumamosi. Kaka anatafuta mahali pa kufungia simu.